Sema Vizuri

Kiitaliano nilichokwenda nacho Napoli nilikipata Malindi, na kwa mtu niliyeajiriwa kumtunza hakikunifaa sana.

Msomaji wa pwani ya Kenya hataona ajabu kwamba msichana wa Lamu alijifunza Kiitaliano Malindi. Waitaliano waliweka jukwaa lao la kurushia setilaiti, San Marco, baharini karibu na Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha ya kwanza kutoka hapo. Nyuma ya wahandisi walikuja watalii, nyuma ya watalii wakaja wenye hoteli, na leo wako wauza vinyago Malindi wanaobishania bei zaidi kwa Kiitaliano kuliko kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa mapokezi ya hoteli moja. Lugha yenyewe haimtesi Mswahili: karibu kila neno linaishia kwa vokali, maandishi hayapishani sana na matamshi, na mgeni ukimwamkia kwa lugha yake anakusifu papo hapo. Niliondoka Malindi najiona msomi.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kukaa na bibi mmoja mjane, umri miaka themanini na ushei, katika mtaa wa Sanità. Mtaa huo uko bondeni, chini ya daraja kubwa ambalo wenye magari hupita juu yake wasione kilicho chini. Ni mtaa wa makaburi ya kale na wa mafundi glavu, na ndiko alikozaliwa Totò, mchekeshaji mkuu wa Italia, mwaka 1898. Bibi na marehemu mumewe walishona glavu za ngozi tangu ujana wao. Alikaa katika vascio, chumba cha chini ambacho mlango wake unafungukia barabarani, hata mpita njia anaona kitanda, televisheni na picha ya Bikira Maria kwa mpigo mmoja. Binti yake, aliyeniajiri, alikuwa amehamia Vomero, kilimani, kwa watu wenye nafasi. Aliponikabidhi funguo alinipa maagizo mawili: mama asile chumvi nyingi, na asizungumze nami kwa lahaja. Akianza, nimwambie *parla bene*.

Sema vizuri. Akina mama wa Napoli wamewaambia watoto wao hivyo kizazi baada ya kizazi, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba hilo “vizuri” ni Kiitaliano.

Mimi amri hiyo nilikuwa nimeshaisikia kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu Lamu mtu ana mato na kitwa, huteka mayi, hupita ndia, na akikutaka hukwambia “ndoo”. Shuleni mambo hayo yalipigiwa mstari mwekundu: andika macho, kichwa, maji, njia, njoo. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alitaka tufaulu mtihani, na mtihani haukutungwa Lamu. Lakini mtoto wa miaka minane hajui habari za mitihani ya taifa. Anachoelewa ni kwamba bibi yake, mwenye kujua utendi mzima kwa moyo, anakosea kila anapofungua kinywa.

Agizo la chumvi nililitimiza. La pili lilishindikana siku ileile, kwa sababu bibi alisema kwa lahaja na hakuwa na mpango wa kuacha, na mimi nilisikia konsonanti tupu. Mnapoli huila vokali ya mwisho wa neno. Haipotei kabisa, hubaki pumzi tu, isiyo *a* wala *o*. Sasa katika Kiitaliano vokali hiyo ndiyo inayokujulisha kama anasemwa mwanamume au mwanamke. Ikiliwa, utajuaje? Jibu liko tumboni mwa neno. Mwanamume mwenye nywele nyekundu ni *russo*, mwanamke ni *rossa*. Mfupi wa kiume ni *curto*, wa kike ni *corta*. Masikio yangu, yaliyozoea kungojea mwisho, yalilazimika kuanza kusikiliza katikati.

Jambo jingine lilinipa raha tangu mwanzo. Kiitaliano nilichofundishwa kilikuwa na hapa na pale, basi. Bibi alikuwa na neno la tatu, *lloco*, la mahali alipo yule anayeambiwa. Hapa, hapo, pale! Katika mji ambao sikuwa na ndugu, nilikuta mtu anayeigawanya dunia kama tunavyoigawanya sisi. Hata jina langu walilifanya lao. Wanapoli wakimwita mtu hulikata jina lake penye mkazo na kutupa kinachobaki: Carmela ni Carmè, Gennaro ni Gennà, Salvatore ni Salvatò. Nami Fatuma nikawa Fatù, nikiitwa kutoka mlangoni, kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, kutoka nyuma ya meza za samaki katika soko la Vergini.

Heshima nayo ina sarufi yake. Kiitaliano cha shule humheshimu mtu kwa *Lei*, yaani humsemesha kana kwamba ni mtu wa tatu asiyekuwepo chumbani. Napoli humpa mkubwa *Vuie*, ninyi, wingi kwa mtu mmoja. Mwaka 1938 serikali ya kifashisti ya Mussolini iliamuru Waitaliano wote waache *Lei* watumie *voi*. Ufashisti ulipoanguka Italia ikarudia *Lei*, na Napoli ikaendelea na yake, kwa kuwa haikuwa imeipata kwa Mussolini. Mimi nilimwambia bibi *Vuie*. Binti yake, pamoja na Vomero yake, alimwambia mama yake *Vuie* pia, na alipogombana na mumewe kwenye simu hakukutokea hata neno moja la Kiitaliano. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba *parla bene* ni amri ya kuwapa watoto na wageni. Mwenye kuitoa haijamfunga.

Lakini kilichonifundisha zaidi kilitokea hospitalini.

Bibi aliamka asubuhi moja rangi imembadilika. Tukampeleka. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa kaskazini, mpole, mwenye adabu, na alimuuliza kwa Kiitaliano kizuri anasikia nini. Bibi akajiweka sawa kitandani, akafunga kifungo cha juu cha sweta, akajibu kwa Kiitaliano: maumivu kidogo. Wapi? Hapa kifuani. Tangu lini? Tangu jana. Makali? Si sana. Daktari akaandika alichoambiwa, angefanya nini zaidi? Alipotoka akaingia muuguzi, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa mji. Akavuta kiti, akamshika mkono, akamuuliza kwa Kinapoli: *Signò, ch'è stato?* Mama, kumetokea nini?

Bibi akafunguka. Moyo unampiga kifuani kama mtu abishaye mlango, *'o core me sbatte*. Kichwa kinamzunguka, *me gira 'a capa*. Si tangu jana, tangu Jumapili iliyopita. Mkono wa kushoto haukubali kwenda juu, nguo amezianika kwa mkono mmoja na kunificha nisione. Hakusema kwa sababu mjukuu alikuwa na kipaimara, na nani anataka kuharibu sherehe ya mtoto? Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kumwita daktari. Vipimo vikarudiwa na bibi akalazwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Si kwamba Kiitaliano hakina maneno ya ugonjwa wa moyo. Vitabu vya udaktari vimejaa. Na bibi Kiitaliano alikifahamu, alitazama televisheni kila jioni. Ila kwa lugha hiyo alikuwa mtahiniwa. Aliipata ukubwani, kwa watu waliomsahihisha, na mtahiniwa hujibu kwa ufupi asije akakosea. Kwa Kinapoli alikuwa mwenye mwili wake. Niliwakumbuka bibi zetu wa Pate na Siu wanaosafirishwa kwa mashua mpaka hospitali, wanaoulizwa na daktari kijana kutoka bara, nao hujibu “naumwa tumbo” wakanyamaza. Daktari anadhani amejibiwa.

Watu wengi hudhani kwamba Kinapoli ni Kiitaliano kilichoharibika. Ukweli ni kwamba vyote viwili vimezaliwa na Kilatini, kila kimoja nyumbani kwake. Kinachoitwa Kiitaliano ni Kifirenze cha waandishi, kilichochaguliwa na wasomi kabla ya kuwa na wasemaji. Nchi ilipounganishwa mwaka 1861, kwa makadirio ya mwanaisimu Tullio De Mauro, waliokisema walikuwa 2.5 tu kwa kila 100. Wapo wengine waliokadiria hadi karibu 10. Hata Alessandro Manzoni, mtu wa Milano, alilazimika kuiandika upya riwaya yake kuu ili ifuate usemi wa Firenze. Napoli wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mji mkuu wa ufalme kwa karne nyingi. Giambattista Basile alikuwa ameshaandika kwa lugha ya mji huo hadithi hamsini, zilizochapishwa kati ya 1634 na 1636 baada ya kifo chake, na humo ndimo alimo Cinderella wa kale kuliko yule wa Wafaransa.

Mswahili anayesoma haya ataijua habari hii. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha, na msingi ukawa Kiunguja, wakati hazina kubwa ya tenzi ilikuwa kaskazini. Mwana Kupona alikuwa ameshamtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, kwa usemi ambao leo ungepigiwa mistari myekundu kutoka ubeti wa kwanza. Sisemi kamati ilikosea. Misafara ilikuwa imekwisha kukipeleka Kiunguja hadi Kongo, na taifa linahitaji lugha ya kuendea mbali. Ninachokataa ni lile la pili lililofuata kimyakimya: kwamba kisichochaguliwa ni makosa.

Wala bibi hakuwa adui wa Kiitaliano. Televisheni ya Italia ilianza mwaka 1954, na kuanzia 1960 hadi 1968 mwalimu Alberto Manzi aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia kioo, akichora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa. Bibi alimfuatilia katika nyumba ya jirani, sindano na glavu mkononi. Alimtaja mwalimu huyo kwa mapenzi, kama shangazi zangu wanavyomtaja maalimu wa chuo. Alichokataa ni kuambiwa achague.

Mtu akitaka kuona lahaja iliyo kazini, afike Napoli mwezi wa Desemba. Jioni vascio ilijaa: majirani, watoto, mjane wa ng'ambo ya kichochoro na kiti chake mwenyewe. Hucheza tombola, namba 1 mpaka 90, na anayechomoa namba hatamki namba peke yake. Kila moja ina maana, na maana hizo zimekusanywa katika kitabu kiitwacho *Smorfia*, ambacho watu hukitumia mwaka mzima kugeuza ndoto kuwa namba za bahati nasibu ya serikali. 17 ni nuksi. 22 ni kichaa. 33 ni miaka ya Kristo. 77 ni miguu ya wanawake, na hapo kila mzee ana la kuongeza. 90 ni woga. 47 ni maiti, 48 ni maiti anayesema. Mwenye kuita huziunganisha namba zinavyotoka, akatunga hadithi hapohapo: kichaa alipata woga kwa sababu maiti alisema, na wote mezani huicheka, kila mmoja akitafuta namba yake kwenye kadi. Mimi kamari sichezi. Nilikaa kando na sahani ya lozi nikasikiliza, na nakiri darasa lile la sarufi, la historia na la matusi sijawahi kulipata kwingine. Jaribu kuitafsiri tombola hiyo kwa Kiitaliano sanifu: utabaki na watu wanaosoma namba.

Usiku wa Noeli yenyewe walitazama mchezo wa Eduardo De Filippo, ule wa mwaka 1931 wa familia ya Cupiello, ambamo baba anamsihi mwanawe alipende pango la Noeli alilolijenga kwa mikono yake na mwana anakataa. Bibi aliutamka pamoja na waigizaji, mstari kwa mstari. Kuna Waitaliano wa kaskazini wasioweza kuagiza kahawa kwa Kinapoli ambao wanaujua mchezo huo. Na ulimwengu unaimba Kinapoli pasipo kujua: *'O sole mio*, wimbo wa 1898 ambao wageni wa Malindi waliniomba niwawekee kana kwamba ni wimbo wa taifa la Italia, si wa Kiitaliano hata kidogo.

Yule mjukuu wa kipaimara ndiye aliyenichekesha. Alilelewa Vomero kwa *parla bene*. Utotoni alimwelewa bibi yake lakini alimjibu kwa Kiitaliano, na bibi alizoea. Alipofika umri wa kubalehe, ghafla Kinapoli kikamtoka kinywani, tena kile kizito cha mitaa ya pembeni alikokuwa hajawahi kukanyaga. Hakukipata kwa bibi. Alikipata kwenye *Gomorra*, tamthilia ya magenge iliyoanza 2014 na kuonyeshwa Italia ikiwa na maandishi ya Kiitaliano chini ya picha ili wananchi waelewe, na kwa wanamuziki wa rapu. Ujumbe wa simu aliwaandikia wenzake kwa tahajia isiyokuwa na vokali. Mama yake alilalamika. Bibi alikaa kimya kisha akamsahihisha matamshi.

Nilikuwa nimeshaondoka mwaka 2024, lakini nilifuatilia tamasha la nyimbo la Sanremo la mwaka huo kwa ajili yao. Geolier, rapa kijana wa Secondigliano, mtaa wa Napoli, aliyezaliwa 2000, aliingia na wimbo wa Kinapoli. Wapo wasomi wa Napoli yenyewe waliomshambulia kabla ya shindano kwamba ameiandika lugha vibaya, ameua vokali. Aliposhinda usiku wa nyimbo za ushirikiano, sehemu ya ukumbi ilimzomea. Mwishoni akawa wa pili. Wasomi wana haki upande mmoja, maana Kinapoli kina fasihi ya karne nne na tahajia yake si ya kuokoteza. Lakini mimi nipo upande wa kijana. Aliandika alichokisikia, na alichokisikia ni lugha iliyo hai leo Secondigliano. Ajabu ni kwamba safari hii amri ya “sema vizuri” ilitoka kwa walinzi wa lahaja wenyewe.

Ukikaa Napoli utaambiwa na kinyozi na dereva wa teksi kwamba UNESCO imetangaza rasmi kuwa Kinapoli ni lugha. Haikutangaza hivyo. Ilichofanya ni kukiweka, pamoja na ndugu zake wa kusini, katika orodha ya lugha zilizo katika mashaka ya kupotea. Sheria ya Italia namba 482 ya mwaka 1999 inalinda lugha za wachache kumi na mbili, zikiwemo Kialbania na Kikatalani zinazosemwa humo nchini. Kinapoli hakimo. Na takwimu za serikali za 2015 zilionyesha kwamba Waitaliano wanaotumia zaidi lahaja nyumbani ni 14 tu kwa kila 100, huku wengine 32 wakichanganya. Nchi nzima, lahaja inarudi nyuma. Sanità haikunipa picha hiyo, na sababu naiona wazi: pale lahaja ina ajira. Ndiyo inayouza samaki, inayopatanisha majirani, inayosema bei ya kweli baada ya ile ya kwanza, inayozika. Asiyeijua anapata hasara ya fedha kabla ya hasara ya utamaduni. Hakuna aliyenifundisha kwa kuwa anataka kuihifadhi. Walinifundisha kwa sababu vinginevyo ningeletewa nyanya mbovu.

Siku hizi niko pwani tena, na nawasikia wazazi wenzangu Lamu na Mombasa wakiwaambia watoto “sema vizuri” kwa sauti ileile ya Vomero. Wengine wameanza kuwarekodi bibi zao kwa simu, kazi njema, Mungu awalipe. Lakini bibi aliyerekodiwa hawezi kumuuliza mtoto kitu. Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu ni dogo: msemesheni mtoto kwa lahaja yenu mnapomtuma dukani, mnapomkaripia, mnapomtania, na Kiswahili sanifu atakikuta darasani kinamngoja. Walimu nao nawaomba, akiandika mato katika insha, mwandikieni macho pembeni, kisha mpeni alama za alichokisema.